Shingo Niliyoivunja Siku ya Sabato

Nyamarambe,
Jumapili jioni

Mwanangu Mokaya,

Nakusalimu kwa karatasi kwa sababu salamu za mdomo umezikataa. Sikulaumu. Barua hii ataileta nyanya yako Kerubo, maana yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuingia kwako bila kubisha hodi, akakuita mume wake, akakaa kitandani mwako na kukuuliza kwa nini humnunulii ugoro. Mimi siwezi. Tangu ulipotoka jandoni tukakujengea nyumba yako pale chini ya migomba, mguu wangu haujavuka kizingiti chako. Ndiyo chinsoni yetu, ile heshima ya baba na mwana, na mimi sikuitunga. Baba yangu naye hakuwahi kuona ndani ya nyumba yangu mpaka alipokufa.

Utashangaa kwa nini naandika kwa Kiswahili. Katika lugha yetu baba hamwagii mwanawe ya moyoni. Nikijaribu, maneno yananigeukia na kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kiswahili nilikiokota Nakuru kwenye stoo za watu. Hakiujui ukoo wangu, kwa hiyo naweza kulia ndani yake bila kuona haya.

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, na za wezi wa stendi ya Kisii, na kwamba Kericho kuna baridi. Mimi nina ombi moja tu. Nalisema sasa, na mwishoni nitalirudia ili usiseme hukulisoma: kesho usipande basi la kwanza. Panda la pili. Basi la kwanza hupita kabla ya kengele ya shule, na mimi nataka kengele hiyo ikukute hapa.

Usiitupe barua. Soma kwanza.

Ulipoanza darasa la kwanza, shule yetu ilikuwa nyumba mbili za udongo zenye paa la nyasi, na mvua ikinyesha mwalimu aliwasukuma nyote kwenye pembe moja kama vifaranga. Uhuru ulipokuja, tukasema sasa tusingoje mtu. Kina mama walibeba mawe kutoka mtoni, mama yako mmoja wao, na tumbo la dada yako likiwa mbele. Wasiokuwa na nguvu walileta ndizi za kuwalisha mafundi. Mzee Onyancha, mwenye kinu cha kusagia unga pale sokoni, akatoa kiwanja na mabati yote. Kisha akaanza jambo ambalo hakuna aliyemwomba: kila mwaka alichukua mtoto mmoja mwenye kipaji akamsomesha. Alimchukua yule wa hesabu, akamchukua yule binti wa sauti, akamchukua hata yule mkimbiaji aliyekuwa hajui kusoma vizuri. Hakuuliza mtoto ni wa ukoo gani. Kwetu sisi, hilo unalijua, si jambo dogo.

Ndiyo maana tukaweka Siku ya Wafadhili. Unaijua: kiti chenye kitambaa, kwaya ikiimba jina lake, vigelegele, jogoo mwekundu na mkungu wa ndizi. Mimi mwenyekiti wa kamati ndiye niliyemshika mkono na kumpeleka kitini. Mwanangu, nilikipenda kile kitendo cha kumshika mkono. Watu walinitazama mimi pia.

Mwaka huu Mwalimu Mkuu akasema jogoo huliwa, tumpe Mzee kitu kitakachobaki. Kamati nzima ikageuka ikanitazama, maana kila mtu alijua mikono ya kuchonga iko kwa nani.

Na mikono hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuiona. Ulikuwa mdogo ulipochonga kiboko wa jiwe kwa kisu cha mama yako cha kukatia mboga. Nilikuchapa kwa sababu ya kisu, kiboko sikumtazama. Nyanya yako ndiye aliyemwokota, akamgeuza huku na huku, akasema, "Huyu mnyama ana njaa." Nilimtazama baada ya siku nyingi, nikakuta kweli ana njaa. Watoto wengine wa huku wanachonga jiwe la sabuni, lile laini, kwa sababu baba zao wanachonga. Wewe baba yako ni karani mstaafu asiyejua hata kuchonga mpini wa jembe. Basi kipaji hicho ulipewa na Mungu moja kwa moja, bila kupitia kwangu, na labda hilo nalo liliniuma kidogo.

Ulimchonga Mzee Onyancha nyuma ya ghala, na hukuruhusu mtu achungulie. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba kazi ikiwa nzuri, nafasi ya mwaka huu ni yako, uende chuo cha sanaa Nairobi. Nilianza kutembea sokoni nikiwa nimeinua kidevu. Nyanya yako akanicheka: "Punguza shingo, utagonga mabati."

Ijumaa kabla ya sherehe ukaleta kazi. Jua lilikuwa linataka kushuka, Sabato inaingia, na wewe si mtu wa kushika kisu Sabato ikishaingia. Ukaiweka katika nyumba yangu, chini ya shuka, kwa sababu ofisi ya shule haina kufuli. Ukasema, "Baba, imekwisha." Ukaenda kuoga.

Nikafunua shuka. Nilimwona Mzee Onyancha mwenyewe, ameinama kidogo, mkono mmoja umeshika shingo ya gunia, kama anavyofanya kinuni anapomtwika mjane unga wake. Macho yake yalikuwa yamechoka na yalikuwa mema. Na shingoni lilikuwapo rovu.

Ule uvimbe wa shingo yake sisi sote tunaujua na hakuna anayeutaja. Huufunika kwa skafu jua na mvua, kanisani na sokoni. Ni kinuni peke yake, kwa joto na vumbi, anapoivua, na huko ndiko ulikomwona. Ulilichonga rovu lile kama ulivyochonga pua na masikio, bila kulikuza, bila kulipunguza. Nikajiambia, kesho kutwa mtu huyu atafunua kitambaa mbele ya wazazi wote na watoto wote, akutane na kitu alichokificha maisha yake yote. Nikaona shule inapoteza mfadhili na mwanangu anapoteza chuo.

Nikueleze kidogo jinsi mtu anavyofika hapo. Kule Nakuru nilitunza stoo ya mzungu mmoja mwenye hasira za karibu. Kila asubuhi aliuliza, "Habari za stoo?" Panya wakiwa wamekula magunia, mimi nilisema nzuri. Paa likiwa linavuja, nzuri. Mwenzangu mmoja alisema ukweli akafukuzwa siku hiyohiyo, mimi nikapewa funguo zake. Nilirudi nyumbani na hekima hiyo: mkubwa hulainishiwa. Hakuna aliyenifundisha namna ya kuiacha kazi ya mzungu ikiwa imekwisha. Mzungu aliondoka, na mimi nikaendelea kusema nzuri.

Asubuhi ya Sabato nikasema naumwa tumbo. Wewe na mama yako mkachukua Biblia zenu mkaenda. Mimi, mzee wa kanisa, nikatoa tupa yangu ya kunolea panga, nikaanza kulipunguza lile rovu. Jiwe ni laini, unalijua, linakubali haraka. Kanisa liko ng'ambo ya kijito tu, nikawasikia mnaimba, na aibu iliyoje, nikajikuta nafuata mpigo wa wimbo wenu kwa tupa. Lilikuwa limebaki dogo. Ningeacha hapo. Nikataka liishe kabisa. Nikasikia mlio mdogo kama wa muwa unaovunjwa, na kichwa kikabaki mkononi mwangu.

Nilikirudisha kwa nta ya mshumaa na unga wa jiwe. Kisha nikapiga magoti nikaomba kishike. Sijui niliomba kwa Mungu yupi.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, lakini uliyaona kutoka upande wako. Mimi niliyaona kutoka pale karibu na kiti. Mzee akasimama, akacheka, akavuta kitambaa kwa mikono miwili kama mtoto anayepewa zawadi. Kichwa kikainama. Kikaanguka mezani, kikabingirika mpaka kwenye nyasi, kikalala uso juu. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Nikasikia mzee wa nyuma yangu akisema kwa lugha yetu, "Nani anamvunja mtu shingo kabla hajafa?" Neno hilo likaenda kwa watu kama moto wa nyasi, na unajua kwetu neno la namna hiyo humgeuza mtoto akawa mchawi kabla ya jioni. Mzee Onyancha akashika skafu yake, akaikaza, akaondoka bila jogoo.

Wewe hukumtazama yeye. Ulipiga magoti ukaokota kichwa, ukapitisha kidole shingoni. Wewe hutumia kisu na msasa. Ulizijua zile alama ni za tupa, na tupa hapa nyumbani ni moja. Ukainua macho ukanitazama. Watu wote wakawa wananitazama mimi, mwenyekiti, wanangoja neno.

Nikasema, "Mtuwie radhi. Kijana bado anajifunza."

Mokaya, nimeyarudia maneno hayo shambani, nimeyarudia kinywani nikitafuna chakula. Kuvunja jiwe ilikuwa hofu, na hofu Mungu anaijua. Lakini kwa maneno yale nilikuchukua wewe, mwanangu wa pekee wa kiume, nikakupunguza mbele ya watu ili mimi nibaki na ukubwa wangu. Nilijidanganya kwamba naiokoa shule. Shule ina mawe ya kina mama, isingeanguka. Niliokoa kile kitendo cha kumshika Mzee mkono.

Tangu siku ile wavulana wanakuita Mvunja Shingo. Ulitupa patasi zako na visu vyako kwenye shimo la choo, na mama yako alipokuuliza ukasema umemaliza na mawe. Kwangu umenyamaza. Unapita uani, unainamisha kichwa kwa heshima zote za chinsoni, hakuna mtu anayeweza kusema mtoto huyu hana adabu. Heshima hiyo inaniua. Ungenitukana ningepata pa kushika.

Na sasa binamu yako amekupatia kibarua cha kuchuma chai Kericho. Sidharau majani ya chai, yale machache yetu ndiyo yaliyokuvisha. Lakini mikono ile! Kila nikifikiri vidole vilivyomtoa Mzee Onyancha kwenye jiwe vitakuwa vinajaza kikapu kwa ajili ya msimamizi wa mtu, natamani kulala chini nipige kelele. Wanaume wa hapa hatufanyi hivyo. Nimefanya leo, nyuma ya ghala, pale pale ulipokuwa ukikaa. Ng'ombe walinitazama.

Nina methali ambayo kwa mdomo nisingethubutu kuitamka mbele yako, baba kwa mwana, ingekuwa aibu ya kufukuzwa ukoo. Karatasi haina macho, acha niiandike: mficha uchi hazai. Mimi nimeficha maisha yangu yote. Nimeficha panya wa mzungu, nimeficha rovu la mtu ambaye hakuniomba nilifiche. Nikakuzaa wewe ambaye huwezi kuficha hata njaa ya kiboko, na badala ya kujifunza kwako nikachukua tupa.

Leo baada ya chakula nilikwenda kwa Mzee Onyancha. Ningeweza kwenda wiki zilizopita, njia haijaota nyasi. Nilimkuta kinuni, mashine imezimwa, anafagia. Nikasimama mlangoni nikasema yote, tupa, nta, Sabato, yote. Aliendelea kufagia. Nilipomaliza akauliza jambo moja:

"Baba Mokaya, rovu lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, Mzee."

"Kubwa?"

"Kama lilivyo."

Akaegemeza ufagio. Akakaa juu ya gunia. "Watu huongea nami wakitazama viatu vyangu," akasema. "Hata wewe. Miaka yote unanishika mkono, unatazama viatu. Na mtoto yule alinitazama shingo, akaona ni shingo."

Nikamwambia na mkono ulivyokuwa, umeshika gunia. Kisha akafungua skafu yake mbele yangu, mchana kweupe, na mimi, Mungu anisamehe, nikatazama viatu.

Nikamwomba akurudishie nafasi. Nilimwomba kwa kupiga magoti kwenye pumba, mwanangu, usidhani niliomba kwa kusimama. Akanishika bega. Akasema nafasi amekwisha kumpa binti mmoja wa upande wa Nyamira anayechora, na hawezi kumnyang'anya mtoto chakula kilichofika mdomoni. "Umechelewa," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilipokuwa natoka akaniita: "Ulinyamaza mbele ya watu. Usije kunieleza mimi nikiwa peke yangu na ufagio wangu. Wanaomwita mtoto mchawi hawako hapa. Na umwambie kijana, siku akishika kisu tena, nitakaa mbele yake bila skafu. Kama ni mwakani, kama ni nikiwa nimezeeka kabisa. Nitakaa."

Basi hayo ndiyo niliyo nayo. Sina chuo cha kukupa. Sina mfadhili mwingine mfukoni. Maji yamemwagika, hayazoleki, na jiwe lililosagwa halirudi shingoni. Nilipotoka kinuni nilipitia kwa Mwalimu Mkuu, nikamwomba kesho watoto wakishasimama mstari, apige kengele mara ya pili, ile ya kuita wazazi. Ataipiga. Watu watakuja, maana kengele hiyo hupigwa kukiwa na msiba. Nitasimama pale pale kiti kilipokuwa, nitasema nani aliivunja shingo, kwa kifaa gani, na siku gani. Watanivua uenyekiti. Kanisani nao watanikalisha nyuma. Nyanya yako anasema ni vizuri, huko nyuma nitaweza kusinzia.

Naogopa, Mokaya. Naandika haya na herufi zinapinda mpaka nimebadilisha kalamu nikidhani kalamu ndiyo mbovu. Naogopa watu, na zaidi naogopa kwamba nitasema hayo yote na wewe utakuwa umekaa dirishani kwenye basi, umekwisha kupita Kisii, ukiwa na neno langu la mwisho masikioni, lile la kijana bado anajifunza. Nitakuwa nimesafisha jina lako kwa kila mtu isipokuwa wewe. Ukienda hivyo hutarudi. Nawajua wanaoondoka hivyo. Hutuma sukari kwa mama zao, wao wenyewe hawaji.

Sikuzuii kwenda Kericho. Nenda, ukitaka, kwa basi la pili, nitakubebea sanduku mpaka barabarani. Usinisamehe kama huwezi, sikuombi hilo. Usiue mikono tu. Kama unanichukia, chonga chuki hiyo. Nichonge mimi na tupa mkononi, na usipunguze kitu.

Kichwa cha Mzee ninacho. Ulikiacha kwenye nyasi, nikakiokota baada ya watu kutawanyika, kimekaa kabatini kwangu ndani ya kitambaa. Sikuwahi kukuambia kwamba ni kizuri. Ni kizuri, mwanangu. Ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuingia katika nyumba yangu, na nilikijua ni kizuri ile Ijumaa, kabla sijaogopa.

Kesho, kabla basi la kwanza halijapita, nitakuwa nimesimama nje ya mlango wako na kichwa hicho mkononi. Sitabisha. Kuingia siwezi, unajua siwezi, hata nyumba ikiwaka moto wazee wangeniuliza nilivukaje kizingiti cha mwanangu. Nitasimama tu pale kwenye migomba mpaka kengele ya kwanza ipigwe.

Mimi siwezi kuingia, Mokaya. Toka wewe.

Baba yako